Kibanda cha Mlango wa Maji

Jumatatu, 3 Machi

Nimekasirika. Naanza na hilo nisije nikalisahau.

Shemeji kaniibia jibu. Mchana kweupe, mbele za watu.

Ilikuwa hivi. Vibarua wote tumeitwa ukumbini kumsikiliza yule mama anayechora mambo ya ziwa. Sisi tunamwita Bi Ramani. Kaja na sinia kubwa limejaa tope, katikati kachimba shimo. Hilo shimo ndilo ziwa letu, anasema. Pembeni kachomeka kipande cha mbao. Huo ndio ukuta wetu, ule uliojengwa zamani kuzuia bahari. Kachukua birika, kamimina maji shimoni, yakatulia. Akauliza tunaona nini. Mtu wa nyuma akasema tunaona harufu. Tukacheka, na yeye akacheka. Kweli linanuka. Limesimama pale kijani, halijai halipwi. Mimi nimezaliwa limeshakufa.

Sasa mradi unautoboa ukuta. Unawekwa mlango wa chuma, bahari iingie na kutoka kama zamani. Na kingo za ziwa zinachongwa upya. Bi Ramani akauliza, kwa nini tunazichonga zilale, tusiziache zilivyo, zimesimama kama ukuta wa choo?

Jibu nilikuwa nalo! Nililitazama lile sinia wakati wengine wanatazama birika. Alipoyamimina na kuyachota, upande uliosimama maji yalipanda na kushuka tu kama kwenye ndoo. Upande uliolala yalitambaa mbali, na yaliporudi yakaacha tope bichi, pana. Hapo ndipo kaa watakaa na ndege watakula. Nikainua mkono. Ulipofika sikioni nikaona watu wamegeuka. Nikajikuna kichwa. Nikamnong'oneza shemeji aliyekaa ubavuni kwangu, ili angalau mtu mmoja ajue kwamba najua.

Akasimama! Akakohoa! Akayasema yote kama yake, na "kitaalamu" akaongeza.

Halafu Bi Ramani akasema mlango utahitaji mlinzi, mtu asiyeogopa maji. Atafungua na kufunga kwa kufuata bahari. Atapewa kibanda juu ya ukuta. Kina kitanda, dirisha, kiti cha kuzunguka. Kina mlango, na mlango una kufuli.

Nieleze kwa nini kufuli. Shemeji alipomuoa dada yangu alikuja kwetu kukaa "siku mbili tatu" huku anatafuta nyumba. Akapewa chumba changu. Mtoto wao keshaota meno, siku mbili tatu hazijaisha. Mimi nalala sebuleni kwenye kochi lenye shimo. Watu wanakunywa chai juu ya miguu yangu. Kile kibanda ni changu. Nimeshaamua.

Jioni, mezani, shemeji katangaza ataomba yeye. Eti kitamfaa kwa ofisi. Dada akauliza, na chumba? Eti chumba atabaki nacho, mtu hawezi kulaza mke ofisini.

Nimekula nimewapa mgongo. Hakuna aliyeona.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza. Nimekwenda kwa kinyozi wa njia panda, mtu ambaye hajawahi kufa na siri. Nikakaa kitini, nikamwambia chini chini kwamba kwetu kuna mwanamume anaogopa maji mpaka anaoga kwa kitambaa. Jina sikutaja. Ni mume wa dada, adabu ni adabu. Nilijua watu wataelewa wenyewe.

Wameelewa wenyewe. Natoka kazini, fundi viatu ananiuliza kama ni kweli naoga kwa kitambaa. Dereva wa kijiko, ile mashine ya kuchimba, kanikaribia kuninusa. Watoto wa bombani wamenimwagia maji waone kama nitakimbia. Nilikimbia. Siyo kwa woga! Yalikuwa ya baridi!

Na nani kanitetea? Shemeji. Kaniwekea mkono begani pale pale barabarani, eti jamani msimcheke shemeji yangu, woga nao ni ugonjwa, tumsaidie. Watu wakasema ana roho nzuri. Afadhali angenipiga kofi.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimekwenda kumwomba Bi Ramani kazi mwenyewe, ana kwa ana, kama mwanamume. Sentensi nilikuwa nayo. Niliifanyia mazoezi chooni. "Mama, naomba kazi ya mlango, maji nayajua." Fupi, nzuri.

Ofisi yake ni kontena. Ndani kuna feni inayogeuka na kulalamika, na michoro imebandikwa mpaka darini: ziwa likijaa, ziwa likipwa, visiwa vidogo vya tope, njia ya mbao ya watu kutembea juu ya nguzo. Ningeweza kukaa humo siku nzima nikitazama. Bi Ramani akainua kichwa, akauliza naomba nini.

Nikasema naomba nyundo.

Nyundo nilikuwa nimeishika mkononi.

Akaitazama. Akanitazama. Akanipa nyingine. Natoka, nakutana na shemeji anaingia bila hodi, na vikombe viwili vya chai. Nimepigilia vigingi siku nzima na nyundo mbili, na kila kigingi nilikiona kina pua ya shemeji.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango wa pili, na huu ulikuwa wa akili.

Vigingi vyekundu ndio mpaka. Hapo ndipo yatafika maji ya bamvua, yale makubwa kuliko yote. Kilicho upande wa ziwa kinabomolewa, kilicho upande wa nchi kavu kinapona. Banda la shemeji limepona kwa unywele. Ni banda la mabata. Maana shemeji anakodisha maboti ya plastiki yenye umbo la bata, unakanyaga kwa miguu yanakwenda. Wachumba wanayapenda. Nani anakwenda kubembelezana kwenye harufu ile sijui, lakini wanakwenda.

Wakati wa chakula wenzangu wote kivulini. Mimi nikaaga nakwenda haja. Nikang'oa vigingi, nikavipeleka nyuma ya banda. Mstari ukaonekana una kiwiko. Nikasogeza na vya jirani kidogo kidogo, kiwiko kikawa mkunjo. Nikasimama nikatazama. Kazi safi. Banda lote liko majini. Roho ikanisuuzika.

Mara Bi Ramani huyo. Kauona mkunjo. Kachuchumaa. Kaleta mashine yake ya miguu mitatu, kapima. Jasho linanitoka mpaka kwenye viganja. Akauliza kwa sauti, nani kaupinda mstari huu?

Nilikuwa nakaribia kukiri kwa hofu tu. Akasema ni mzuri ajabu! Eti maji hayapendi mstari ulionyooka, yanakuja mbio yanabomoa. Mkunjo kama huu unayapunguzia kasi, tope linapata pa kutulia. Eti amehangaika kutafuta pa kuuanzia, na hapa pana bonde hakuwa ameliona. Nani fundi wa hii?

Nikafungua mdomo. Shemeji, chakula bado shavuni, akasema ni yeye.

Hata hakujua ni nini kimefanywa! Alidhani ni zawadi. Alipoambiwa banda lake linakwenda, akameza, akasema kwa ajili ya ziwa yuko tayari. Makofi. Bi Ramani kamwahidi banda jipya juu ya nguzo, lenye ngazi.

Lenye ngazi!

Jumamosi, 8 Machi

Nilidhani hasira ya Alhamisi ndiyo kilele. Kumbe ilikuwa ya kuonja.

Ukipinda mstari huku, lazima upinde na kule, kwa sababu maji yanayozuiwa huku yanakwenda kusukuma kule. Na kule ni kwetu. Mkunjo wa pili wa Bi Ramani umepita katikati ya uwanja wa mama: kamba ya nguo, karo la kufulia, banda la kuku. Kuku wahame. Na aliyetumwa kuvipigilia vigingi hivyo ni nani? Mwenye nyundo mbili.

Mama katoka na mwiko mkononi. Akawauliza majirani kama wameona, amezaa, amenyonyesha, amebeba mgongoni, mtoto amekua, amerudi kumvunjia mama yake banda la kuku. Nikasema ni mradi. Akauliza huo mradi una mikono? Mbona mikono anayoiona ni ya kwangu, aliyoiogesha yeye?

Shemeji akatoka chumbani kwangu anapiga miayo. Akamwambia mama asihangaike, mkwe wake yupo, yeye ataongea na wakubwa. Mama akamkaangia yai. Yai la kuku ninaowahamisha mimi! Mimi nikapewa kikapu cha kuwabebea. Jogoo kanidonoa mara nisizoweza kuhesabu. Hata yeye kajua wa kumdonoa.

Mama hakuishia hapo. Mchana mzima alikuwa kule ukutani, kamkalia Bi Ramani kooni kuhusu kuku. Fundi wa mlango alikuwa anajaribu gurudumu na kueleza alama nyeupe ya kufungia, na mama anagomba hapo hapo pembeni yake. Kesho atarudi, kasema. Na keshokutwa.

Jumapili, 9 Machi

Ngoja nipumue.

Bi Ramani katuita, mimi na shemeji. Kesho mlango unafunguliwa kwa mara ya kwanza, wageni wanakuja. Kasema kibanda kitakwenda kwa mmoja wetu, na kesho ndiyo kipimo. Shemeji atawaeleza wageni. Mimi nitashika gurudumu la mlango.

Mimi!

Kasema ameniona natazama sana na kusema kidogo, na gurudumu linataka mtu wa hivyo. Nilitaka kumshukuru. Nikasema "mh".

Maagizo ni mepesi. Asubuhi bahari ikijaa, fungua. Mchana ikipwa, yaache maji yatoke mpaka alama nyeupe kwenye nguzo ionekane yote. Hapo funga. Usiondoke. Ukiondoka, ziwa linamfuata baba yake baharini. Kayarudia mara mbili, polepole, kama ananilisha uji. Nikakasirika. Mimi ni mjinga?

Halafu kawaambia watu wote wa gatini wafunge boti zao kwa kamba ndefu kwa sababu maji yatashuka. Tumecheka mpaka basi. Kamba ndefu ya nini, boti inapelekwa malishoni? Hapa kwetu boti hufungwa fupi, pua inabusu mbao. Babu alifunga hivyo, baba alifunga hivyo. Ziwa halijawahi kwenda popote.

Shemeji kaniomba asubuhi nimfungie mabata, maana yeye atakuwa anapiga pasi suti. Suti! Nimekubali haraka mpaka kashtuka. Mpango wa tatu ulinijia hapo hapo. Nitayafunga fundo juu ya fundo, fundo la kisu, lisilofunguka kwa vidole. Wageni wakitaka kupanda bata, yeye atahangaika nalo mbele yao mpaka suti ilowe.

Kesho nalala kitandani.

Jumatatu, 10 Machi

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nimeyafunga. Fupi, ya kukaza, mafundo yamebanana kama ngumi. Nikapanda ukutani, nikashika gurudumu. Bi Ramani akapunga kitambaa. Nikazungusha.

Sikujua kwamba yatakuja na sauti. Yalinguruma chini ya miguu yangu, ukuta ukatetemeka. Maji ya rangi nyingine, baridi, yananukia chumvi. Yakausukuma ule ukijani pembeni kama mtu anayefagia uwanja. Yakapanda kwenye kingo zilizolala, yakatambaa, yakatambaa, yakafika kwenye mkunjo wangu. Yakapunguza mwendo. Kama alivyosema! Nikakasirika zaidi, maana hakuna aliyekuwa akinitazama. Walikuwa wanamtazama shemeji akieleza mkunjo wake.

Mchana yakaanza kutoka. Tope likajitokeza, linang'aa. Ndege wenye miguu mirefu, ambao sijawahi kuwaona, wakashuka wakawa wanatembea juu yake bila kuuliza mtu, kama wenye nyumba waliokuwa safarini. Mimi macho kwenye alama nyeupe. Nasema kweli. Nilikuwa natazama.

Halafu mabata.

Maji yalishuka, kamba hazikushuka. Kwanza vichwa vikainuka, kama yameitwa. Kisha mikia ikaachia maji. Kisha yote yakawa yananing'inia gatini kwa shingo, kama kwenye duka la nyama. Na siyo mabata tu, gati zima, kila boti ya kila mtu aliyecheka jana. Mama mmoja mwenye kofia pana akauliza kama hii ni sehemu ya sherehe.

Shemeji akazivamia kamba. Akavuta. Akang'ata kwa meno. Fundo langu! Akaona afadhali alibebe bata kwa chini, akashuka na suti kwenye tope. Likamfika magotini. Akapiga hatua, likamfika mapajani. Hatua nyingine hakuwa nayo. Akabaki mikono juu, na bata juu ya kichwa chake linatabasamu.

Mimi nilikuwa mbali. Uso wake sikuuona vizuri. Sasa jamani, muda wote huo wa kochi, halafu nisiuone uso? Alama ilikuwa bado haijatoka yote. Nikasema nakwenda kuchungulia tu, narudi. Nikaliachia gurudumu, nikakimbia.

Uso ulikuwa mzuri sana. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Shemeji akaniona, akaniita "mdogo wangu", akaomba nimvute. Nikamwambia asubiri kwanza. Nikacheka tena.

Niliposimama, ziwa halikuwepo.

Tope. Tope mpaka ng'ambo. Katikati limebaki dimbwi, na mfereji mwembamba unakimbilia mlangoni, samaki wanaruka ndani yake wanahama. Na juu ya ukuta kuna mtu kajifunga kitambaa kiunoni, analizungusha gurudumu na kutukana. Sauti niliijua kabla ya sura.

Mama. Alikuja kugombea kuku wake, hakukuta mtu wa kugomba naye, akaona alama iko nje na maji bado yanakwenda. Akafunga. Baadaye walimuuliza kajuaje. Akasema kasimama hapo siku mbili anagomba, ana macho, kidude chenyewe kinazunguka upande mmoja.

Dimbwi limepona kwa sababu yake. Samaki waliobaki, nao kwa sababu yake. Bi Ramani kaja kuniuliza kama niliondoka. Nikasema "mh". Hakufoka. Afadhali angefoka. Kanitazama kama kigingi kilichopasuka, akageuka.

Jumanne, 11 Machi

Kibanda kapewa mama.

Narudia ili niamini. Kibanda kapewa mama.

Kitanda, dirisha, kufuli. Kile kiti cha kuzunguka kawekea kapu la nguo, eti kinamtia kizunguzungu. Kuku wamejengewa nyuma ya kibanda, kwenye upepo mzuri wa bahari. Nani kawabeba mpaka kule juu? Nimedonolewa tena.

Shemeji alivutwa kwa kijiko. Suti imekufa. Nilidhani na yeye amekufa kwa aibu, lakini jana hiyo hiyo jioni alikuwa kwa kinyozi, anaeleza kwamba alishuka topeni makusudi, kuwaonyesha wageni ulaini wake. Wamemwamini! Yule mama mwenye kofia anataka aje kuwaeleza na watu wa mji mwingine.

Nikajituliza. Nikafikiri: mama kahama, chumba cha mama kiko wazi. Haki iliyoje. Nikachukua shuka langu na mto wangu, nikaenda. Shemeji yumo. Kaweka meza. Kaweka kalamu. Ukutani kabandika picha yake mwenyewe.

Ofisi.

Nikauliza, kwa sauti kabisa, na chumba changu? Akasema kile wanalala. Dada akanipa mtoto nimbembeleze. Kanitapikia.

Jumatano, 12 Machi

Nimeamka kochini na kikombe cha mtu kwenye goti.

Nimekaa nimetafakari vizuri, kimya, kosa langu liko wapi. Nimeliona. Nilikimbia polepole. Ningekimbia kwa kasi ningecheka, ningerudi, ningefunga, na leo ningekuwa nimelala kwenye kufuli langu. Basi. Hakuna kosa jingine.

Tatizo sasa ni mama. Nampenda, ni mama yangu, lakini kalala kwenye kitanda changu.

Mama anachukia nyoka kuliko kitu chochote. Nyuma ya kontena nimeokota kipande cha mpira mweusi wa maji, kirefu, kimepinda vizuri. Nimekifunga kamba. Jioni akienda kulisha kuku nitaingia kibandani, nitajificha chini ya kitanda. Akirudi, nitakivuta kitambae sakafuni taratibu. Atakimbia. Mlango utabaki bila mtu, mimi nitatoka, nitashika gurudumu, na Bi Ramani atanikuta hapo.

Dada anasema mama akiona nyoka hajawahi kukimbia. Eti huchukua mchi, humpiga mpaka asijulikane kichwa wala mkia, halafu huinama kutafuta kama yuko na mwenzake.

Hilo halinihusu. Mimi nitakuwa chini ya kitanda. Atanipatia wapi?